Uzi: Clarkston, Georgia – tatizo lipi linapelekwa ofisi ipi (mji, kaunti, wilaya ya shule, mahakama)

MkaaPonce (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa Waswahili wa Clarkston na vitongoji vyake, hasa mliofika kutoka kambi za Nyarugusu, Kakuma, Kyangwali na kwingineko. Mji huu mdogo wa Kusini una milango mingi ya kubisha, na watu wengi wanapoteza haki yao kwa kubisha mlango usio wao hadi siku zinaisha. Kwa hiyo tuweke hapa kila mlango na kazi yake.

Anza na swali moja: unaishi ndani ya mji, au nje yake? Barua zako kuandikwa "Clarkston, GA 30021" si ushahidi. Posta ina mipaka yake na mji una mipaka yake. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 7,554, ya 2020 ikahesabu 14,756. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na mji kujiongezea maeneo yaliyokuwa chini ya kaunti ya DeKalb. Matokeo yake majengo mawili yanayotazamana yanaweza kuwa chini ya serikali mbili tofauti.

Namna ya kujua: fungua rekodi za mali za kaunti mtandaoni, andika anwani ya jengo, tafuta mstari wa wilaya ya kodi ya serikali (Tax District). Ukisoma Clarkston, uko ndani. Ukisoma "Unincorporated", uko chini ya kaunti moja kwa moja na ofisi ya mji haiwezi kukusaidia kwa ukaguzi wala polisi.

Sasa mgawanyo wenyewe.

Mji una meya na madiwani sita, na meneja anayeendesha kazi za kila siku. Una polisi wake, mahakama yake ya tiketi na makosa madogo, wakaguzi wa majengo, barabara zake za ndani, na bustani kama Milam Park.

Kaunti inashika maji na maji taka, zimamoto, simu ya 911, maktaba, afya ya jamii, uchaguzi, jela, na mahakama inayosikiliza kesi za wapangaji. Kaunti haiko Clarkston. Makao yake ni Decatur. Kwa treni ya MARTA ya laini ya bluu, ukipandia Indian Creek unashuka kituo cha tatu: Kensington, Avondale, kisha Decatur.

Shule hazimo katika mji wala katika serikali ya kaunti. Zina wilaya yake yenye bodi ya watu saba wanaochaguliwa. Meya hawezi kumhamisha mwalimu wa Indian Creek Elementary, na hawezi kukupunguzia bili ya maji. Kumsubiri baada ya mkutano kwa mambo hayo ni kupoteza jioni yako na yake.

---

Yaya_wa_Uvira

Aksanti sana baba kwa huu uzi. Naomba mtufafanulie ile karatasi wanayobandika mlangoni. Wengine wanasema ni ya polisi, wengine wanasema ni meneja wa nyumba anatisha watu tu. Siku zinahesabiwa namna gani? Na kama loyer (kodi ya nyumba) iko nusu tu, mtu aipeleke?

---

Msaidizi_Decatur

Yaya, karatasi ziko aina mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza inatoka kwa mwenye nyumba. Tangu 1 Julai 2024 sheria ya Georgia inamtaka, kabla ya kufungua kesi ya kodi isiyolipwa, abandike mlangoni notisi ndani ya bahasha iliyofungwa na akupe siku tatu za kazi ulipe au uhame. Hiyo si kesi bado. Ni wakati mzuri kuliko wote wa kutafuta pesa au kuzungumza.

Ya pili inatoka mahakamani. Ina namba ya kesi na ina neno "Dispossessory" juu, yaani kesi ya kumtoa mpangaji. Inaweza kubandikwa mlangoni na nakala ikatumwa kwa posta, na hapo sheria inakuhesabu umeipokea hata kama hukuwepo. Hii usiitupe.

Una siku 7 za kujibu tangu siku ilipofikishwa. Siku yenyewe ya kufikishwa haihesabiwi. Ikibandikwa Jumatatu tarehe 3, siku ya mwisho ni Jumatatu tarehe 10. Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa. Siku ya saba yenyewe ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Hesabu kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, si siku uliyoiona.

Jibu linaweza kuwa la maandishi au la mdomo mbele ya karani. Linakwenda mahakama ya Magistrate ya kaunti, Decatur. Kumjibu meneja wa nyumba si kujibu kesi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wameongea na ofisi ya apatimenti, wameambiwa "sawa, hakuna shida", wakakaa. Mahakama haijui chochote kuhusu mazungumzo yenu. Siku ya saba ikipita bila jibu, hukumu inatoka bila wewe kusikilizwa, na amri ya kukutoa inaweza kutoka hapohapo.

Kwenye jibu weka namba ya kesi, jina, anwani na simu inayopatikana. Kisha sababu zako: ulilipa na risiti unazo, kiasi si sahihi, hukupewa ile notisi ya siku tatu, nyumba ina ubovu ulioutolea taarifa. Na uandike wazi kwamba unahitaji mkalimani.

Kuhusu nusu ya kodi: nusu haikuokoi, na mwenye nyumba anaweza kuikataa. Ila sheria inakupa mlango mmoja. Ndani ya zile siku 7, ukimpelekea kodi yote anayodai pamoja na faini za kuchelewa na gharama za mahakama, analazimika kupokea na kesi inakwisha. Nafasi hiyo ni mara moja tu katika miezi 12. Peleka kwa hundi ya benki au mani oda, si noti mkononi, na uwe na shahidi au picha. Akikataa, hilo nalo liandike kwenye jibu, kwa sababu ni utetezi kamili.

Ukishajibu unapangiwa siku ya kusikilizwa. Kutofika ni kushindwa. Kesi ikichukua zaidi ya wiki mbili, utatakiwa kuweka kodi mahakamani inapoiva, kwa hiyo usiitumie pesa ya mwezi unaofuata.

Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kitasa, kukata maji au umeme, wala kutoa vitu vyako nje kwa mkono wake. Kazi ya kutoa mtu DeKalb ni ya ofisi ya Marshal wa kaunti, tena kwa amri ya mahakama.

---

Bin_Saidi

Maelezo safi sana kaka. Naongeza upande wa ubovu wa nyumba, maana ndiko watu wanakojichimbia shimo.

Georgia HAIRUHUSU kuacha kulipa kodi kwa sababu dari linavuja au kuna kuvu ukutani. Ukiacha, kesi ya kodi inafunguliwa na unabaki na mdomo wazi. Fuata utaratibu huu: andika taarifa yenye tarehe (barua pepe au mfumo wa apatimenti, si maneno ya dirishani), piga picha zenye tarehe, toa muda wa kutosha. Wasipotengeneza, unaweza kumwita fundi anayefahamika, ukalipa bei ya kawaida, ukapunguza kiasi hicho kwenye kodi na kuambatanisha risiti. Hiyo sheria inaikubali. Binamu mwenye nyundo asiyetoa risiti haikubaliki.

Sambamba na hayo, kama uko ndani ya mji, piga simu kwa wakaguzi wa mji. Ukiwa nje, wakaguzi wa kaunti. Omba namba ya malalamiko na uitunze. Ripoti ya mkaguzi ina uzito mbele ya hakimu kuliko maneno ya watu kumi.

Na amana: tangu sheria ileile ya 2024, haizidi kodi ya miezi miwili. Kwenye majengo makubwa, kabla ya kupokea amana lazima wakupe orodha ya kasoro zilizopo. Watu husaini bila kusoma wakiwa na funguo mkononi. Pita chumba kwa chumba, fungua kila bomba, washa kila jiko, andika kila doa la zulia, ndipo usaini, na ubaki na nakala. Ukihama, wana siku 30 kurudisha amana au kukueleza kwa maandishi kwa nini wanakata. Waachie anwani yako mpya kwa maandishi. Bila hiyo hundi inarudi na wao wana kisingizio.

---

Yaya_wa_Uvira

Mungu awabariki. Na mkalimani? Mara nyingi wanatupa mtu kwa simu, anaongea Kiswahili cha kitabu, mama mzee hasikii kitu.

---

Msaidizi_Decatur

Hilo ni tatizo halisi. Unapoomba, usiandike "Kiswahili" peke yake. Andika "Kiswahili cha Kongo", na kama mzee anaelewa zaidi Kinyamulenge, Kibembe au Kirundi, andika hiyo. Mkalimani wa Mombasa anaweza asijue kwamba "avoka" ni wakili na "tribinali" ni mahakama, na mama wa Fizi anaweza asijue "amana" wala "mpangaji".

Siku yenyewe, msipoelewana, sema mapema: "Sielewi mkalimani huyu, naomba mwingine." Ukinyamaza hadi mwisho, rekodi itaonyesha ulielewa kila kitu. Mtoto asitumike kutafsiri mahakamani wala hospitalini, hata awe hodari vipi.

---

Mlezi_ESOL

Naomba nichukue upande wa shule.

Umri wa kuingia chekechea ni huu: mtoto awe ametimiza miaka 5 ifikapo 1 Septemba. Kuna pia Pre-K ya bure kwa wa miaka 4, inayolipiwa na bahati nasibu ya jimbo tangu miaka ya 1990. Nafasi za Pre-K zina kikomo, kwa hiyo usisubiri Agosti.

Makaratasi: uthibitisho wa umri, uthibitisho wa makazi, fomu 3231 ya chanjo na fomu 3300 ya macho, masikio, meno na lishe. Ile kadi ya chanjo ya kambini au ya IOM (shirika la uhamiaji) usiiache nyumbani. Kliniki inahamisha chanjo zilizoandikwa humo kwenda 3231. Bila hiyo mtoto anachomwa upya sindano ambazo alishapata.

Familia iliyopoteza nyumba na sasa imebanana kwa ndugu isirudishwe kwa kukosa mkataba wa nyumba. Sheria ya shirikisho ya McKinney-Vento inataka mtoto aandikishwe mara moja na makaratasi yafuate. Taja jina la sheria hiyo kwa karani na uombe kuonana na afisa wake wa wilaya.

Kuna karatasi ya lugha ya nyumbani. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakiogopa mtoto kubaguliwa. Tafadhali msifanye hivyo. Jibu la kweli ndilo linalompeleka mtoto kwenye jaribio la Kiingereza la WIDA, na jaribio hilo ndilo linalomfungulia masomo ya ESOL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine. Ukiandika Kiingereza, anaingizwa darasani bila msaada, baada ya miezi mitatu mnaitwa kwamba "hafuatilii".

Wakubwa wanahitaji uangalifu zaidi. Sheria ya Georgia inamhesabu mwanafunzi wa shule ya umma kama hajatimiza miaka 20 ifikapo 1 Septemba. Diploma ya sekondari inataka krediti 23. Kijana wa miaka 17 akianza Clarkston High School na krediti sifuri, hesabu inambana. Wengi waliosoma Nyarugusu walifuata mtaala wa Kongo na wana bulletin (ripoti za alama) zao. Zitafsiriwe na zipelekwe kwa mshauri wa shule SIKU YA KUANDIKISHA, ili hisabati, sayansi na hata Kifaransa vihesabiwe. Na wale walioandikiwa 1 Januari kama siku ya kuzaliwa kwenye hati zote, kagueni mwaka. Kosa la mwaka mmoja linaweza kumtoa kijana shuleni kabla ya kumaliza, na kulirekebisha huchukua muda mrefu.

(Kama mtoto atauliza kwa nini nembo ya shule ni mbuzi: timu zao zinaitwa Angoras, yaani wale mbuzi wa manyoya marefu. Wafugaji wa Itombwe watafurahi.)

---

Bin_Saidi

Jambo fupi kuhusu treni. Reli ya CSX inapita katikati ya mji, na treni ya mizigo ikisimama juu ya kivuko watu wanachelewa kazini na hata ambulensi inazuiwa. Kwenye kila kivuko kuna kibao kidogo cha bluu. Kina namba ya simu ya reli na utambulisho wa kivuko: tarakimu sita na herufi moja. Piga hiyo, soma utambulisho, useme treni imesimama au gari limekwama relini. Gari likikwama, watu watoke kwanza, wasogee mbali na reli, ndipo simu ipigwe. Na kamwe mtu asipite chini ya mabehewa yaliyosimama. Yanaondoka bila honi.

---

KatibuChama

Shukrani wakuu. Mimi nazungumzia vyama vyetu: mutualité (vyama vya kusaidiana), vikundi vya kina mama, vyama vya kuzikana. Vingi vina moyo na havina makaratasi, na vinavunjika pesa zinapofika elfu chache kwenye simu ya mtu mmoja.

Mkitaka chama kitambulike, hatua ni hizi kwa mpangilio. Kwanza, katiba ya usajili kwa Secretary of State wa Georgia (ofisi ya jimbo inayosajili vyama), ada dola 100. Ndani yake muandike madhumuni ya hisani na mali itaenda wapi chama kikifa. Mkikosa vifungu hivyo viwili, IRS (mamlaka ya kodi ya shirikisho) itawarudisha nyuma. Pili, tangazo kwenye gazeti rasmi la kaunti, dola 40. Kwa DeKalb ni The Champion. Tatu, namba ya EIN (utambulisho wa chama kwa mambo ya kodi) kutoka IRS. Hii ni BURE. Anayewatoza dola mia kwa EIN anawaibia. Nne, akaunti ya benki ya jina la chama yenye sahihi mbili. Tano, msamaha wa kodi: kama mapato hayatazidi dola 50,000 kwa mwaka na mali haizidi 250,000, mnatumia fomu 1023-EZ, ada dola 275.

Baada ya hapo kuna kazi za kila mwaka, na hizi ndizo zinazoua vyama. Usajili wa jimbo unarudiwa kati ya 1 Januari na 1 Aprili, dola 30 pamoja na ada ndogo ya mtandaoni. Kwa IRS mnatuma 990-N, ambayo ni maswali machache tu, kabla ya 15 Mei kama mwaka wenu wa hesabu unaishia Desemba. Mkikosa miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutwa wenyewe bila onyo lingine. Katibu akihama kwenda Kentucky na nywila kichwani, chama kinakufa kimyakimya. Nywila zijulikane na watu wawili.

Angalizo: chama cha kuzikana kinachowanufaisha wanachama wake pekee si hisani mbele ya IRS, hakiingii kwenye 501(c)(3), yaani kundi la vyama vya hisani vyenye msamaha wa kodi. Kinaweza kuwepo kwa namna nyingine, ila msiwaahidi wachangiaji punguzo la kodi.

---

MkaaPonce

Katibu, kwa kuwa umegusa msiba, tuongezee. Michango hukusanywa usiku uleule, bei inajulikana baadaye.

---

KatibuChama

Kweli mkuu, na utaratibu uwe kinyume chake. Kanuni ya shirikisho ya huduma za mazishi, tangu 1984, inalazimisha nyumba ya mazishi kukutajia bei kwa simu na kukupa orodha ya bei iliyoandikwa ukifika. Piga tatu kabla ya kuchagua. Uliza kila kitu peke yake: kuchukua mwili, kuutunza, gari, ukumbi, jeneza. Hulazimiki kununua jeneza kwao, na ukileta la nje hawaruhusiwi kukutoza kwa sababu hiyo. Mwili kupakwa dawa ya kuuhifadhi si sharti la sheria ya Georgia. Ndugu zetu Waislamu waliseme hilo simu ya kwanza tu, pamoja na haja ya kuzika upesi. Kaburi ni gharama tofauti kabisa, na kulichimba na kulifunga ni nyingine juu yake.

Chama kichague watu wawili wa kuzungumza na nyumba ya mazishi. Lakini anayesaini ni ndugu wa karibu kisheria, na akishasaini deni ni lake hata michango isipotimia.

---

Mlezi_ESOL

Naomba mtu aeleze pia namna ya kusema kwenye kikao cha madiwani. Na suala la kura, kuna watu wanapotoshwa.

---

MkaaPonce

Kura kwanza, kwa sababu kosa lake ni zito. Anayepiga kura Georgia ni raia PEKEE. Mwenye kadi ya kijani haruhusiwi hata uchaguzi wa diwani. Tahadhari iko kwenye ofisi ya leseni ya udereva: mashine au karani anaweza kukuuliza kuhusu kujiandikisha kupiga kura. Kama si raia, jibu ni hapana, na usisaini kitu hujasomewa. Kujiandikisha kwa bahati mbaya kunaweza kuvuruga ombi la uraia na hata kuleta kesi ya kuondolewa nchini. Kwa walioapa tayari: jiandikishe mapema, mwisho ni Jumatatu ya tano kabla ya uchaguzi. Na chaguzi za mji hufanyika miaka witiri, Novemba. Nusu ya watu huisahau kwa sababu hakuna rais kwenye karatasi.

Kusema kikaoni hakuhitaji uraia. Soma ajenda kwenye tovuti ya mji, jiandikishe kusema kabla kikao hakijaanza, na uandae dakika mbili au tatu. Taja jengo, tarehe, namba ya malalamiko, na kitu kimoja unachotaka kifanyike. Sheria ya Georgia inakuruhusu kurekodi kikao cha hadhara kwa sauti na picha.

Ukitaka nyaraka, kwa mfano ripoti za ukaguzi wa jengo lenu kwa mwaka mzima, andika barua pepe kwa karani wa mji ukitaja sheria ya rekodi za wazi. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku tatu za kazi. Robo saa ya kwanza ya kutafuta ni bure, na nakala ya kawaida haizidi senti 10 kwa ukurasa. Omba kwa barua pepe zisichapwe.

Mfano wa nguvu ya baraza na mwisho wake: 2016 madiwani walishusha faini ya kukutwa na bangi kidogo hadi dola 75. Ni ndani ya mji tu, kwa kesi inayokwenda mahakama ya mji. Sheria ya jimbo haikubadilika, na kwa asiye raia kosa la dawa za kulevya linaonekana kwenye faili la uhamiaji hata faini ikiwa ndogo. Wazazi wawaambie vijana hilo.

---

Yaya_wa_Uvira

Baba, na kwa asiye na kompyuta ya kusoma hizo ajenda?

---

MkaaPonce

Maktaba ya kaunti, North Indian Creek Drive. Kompyuta ni za bure. Nenda na kitambulisho na barua yenye anwani yako, kadi unapewa. Na yaya, ukiwa hapo, ile hesabu ya siku 7 ichapishe, uibandike nyuma ya mlango.